Sange Wamehamia kwa Ignasi

Jumatatu, 1 Julai

Nimechoka, na mwezi ndiyo kwanza unaanza.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Likwata, ametukusanya nyumbani kwake leo akatutangazia habari za wageni. Watafiti wa wanyama, wanatoka chuoni. Wanataka kupiga kambi hapa Mitole wachunguze sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayefukua majani makavu kutwa nzima akitafuta wadudu. Watachagua kichaka kimoja, chenye sange wengi kuliko vingine. Na hapo kwenye kambi watachimba kisima cha pampu, ambacho wakiondoka watatuachia sisi.

Kisima! Nilikuwa nasinzia, nikakaa wima.

Sange wamebaki kwenye vichaka viwili tu. Changu, na cha jirani yangu Ignasi, ng'ambo ya njia. Ignasi alishuka kutoka uwanda wa Makonde na mkewe Lusia zamani hizo, kichwa chake kikiwa hakina mvi hata moja, na mpaka leo mimi namwita mtu wa kuja. Hakasiriki. Anacheka tu. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jioni mke wangu Nasma akarudi kutoka bondeni, ndoo kichwani. Alipoitua nikasikia goti lake likilia. Nikamwambia, mama Hafsa, ukifika mwisho wa mwezi utateka maji hapa hapa mlangoni. Akaniuliza kama hiyo ni ahadi ya aina ya ile nyumba ya wageni. Ile nyumba ya wageni ilikuwa nzuri sana. Ilikosa wageni tu.

Jumatano, 3 Julai

Mambo yananyooka! Nimepata jeshi.

Huku kwetu kila mwenye mikorosho anawajua maji moto, wale wadudu wekundu wanaoshona majani wakafanya nyumba juu mtini. Wanang'ata, lakini wanamfukuza mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza vichipukizi mpaka vikauke, kwa hiyo tunawatunza. Tunawafungia kamba kutoka mti hadi mti wapite juu kwa juu, tunawawekea na matumbo ya samaki. Maji moto wa Ignasi wanasifiwa mpaka kijiji cha pili. Wangu walikuwa wa kawaida.

Sasa wangu hawapo. Wamekwisha. Kuna sisimizi wapya wamewala wote. Wadogo, rangi ya kahawia, ila kila kundi lina wachache wenye vichwa vikubwa ajabu, wanatembea taratibu kama mabwana shamba. Walianza barazani, karibu na makopo yangu ya asumini, yale niliyonunua Lindi kabla ya masika kupamba nyumba ya wageni. Wametoka hapo mpaka kwenye mikorosho.

Mtu mwingine angesikitika. Mimi nimetumia akili. Mdudu aliyewashinda maji moto ni mlinzi kuliko maji moto! Nimemsimamisha muuza samaki wa pikipiki, nikachukua matumbo yote. Nimewalisha. Kisha nimefunga kamba za katani kutoka barazani hadi kwenye mikorosho, na kutoka mikorosho hadi kichakani. Watalinda na sange humo humo.

Ignasi hana hawa. Nimelala na tabasamu.

Jumamosi, 6 Julai

Walinzi wameingia kwenye sukari. Wameingia na kwenye dagaa, na kwenye uji wa Nasma. Amekunywa nusu ndipo akaona unatembea. Ameniuliza hawa ni nini. Nikamwambia ni mradi. Akafunga macho kwa muda, namna anavyofunga ninaposema neno hilo.

Asubuhi Ignasi alipita njiani, akasimama akazitazama kamba zangu. Akasema wadudu hawa hajawahi kuwaona tangu azaliwe, na akauliza maji moto wangu wako wapi. Wivu. Nimemwambia mambo mengine wenyeji ndio wanaoyajua. Akacheka, akaniaga, akaenda zake.

Mchana mtafiti amefika, Dokta Bertha. Mfupi, amevaa gambuti, amemwamkia Nasma shikamoo mpaka Nasma akafurahi. Amefunga kamera zake kwenye miti, kichaka changu na cha Ignasi. Akaeleza kwamba zinajipiga zenyewe, chochote chenye damu ya moto kikipita mbele, kinapigwa picha.

Nilikuwa nafukuza sisimizi shingoni. Sikuzingatia.

Jumanne, 9 Julai

Nimeingia kichakani leo kuwasalimia sange wangu. Kimya.

Siku zote ukiingia mle unasikia majani yakichakura, mara unaona kitu kinakatiza mbio na mkia wake mrefu. Leo hakuna. Hata ndege. Sange hulala ndani ya kirundo cha majani, ukipita unafikiri ni takataka tu. Nimekipekua kimoja. Sisimizi. Nimepekua cha pili. Sisimizi. Kimesinyaa, hakina joto la mnyama.

Nikakaa juu ya kisiki. Nikafikiri goti la Nasma. Nikaingiwa na hofu kweli kweli.

Basi nikaamua. Kama nyumba za sange ni mbovu, nitawajengea mimi. Dokta naye akiona virundo vizuri atajua hapa wanakaa watu wa maana. Nimefanya kazi hiyo asubuhi yote kwa magoti, nakusanya majani, napanga, napigapiga juu kwa kiganja. Mikono ikijaa nabeba kwa meno. Msuli ukanifunguka mara kadhaa, lakini nani ananiona kichakani? Vimependeza sana, virundo vyangu. Ningekuwa sange ningehamia.

Mgongo unaniuma. Sisimizi wameniuma penginepo, sipataji.

Ijumaa, 12 Julai

Yarabi, aibu gani hii.

Baada ya sala ya Ijumaa Mzee Likwata akatangaza kwamba Dokta anaonyesha picha barazani kwake. Watu wakaja wote, mpaka wasiojua sange ni nini. Kwanza picha za kichaka cha Ignasi. Sange. Sange wawili. Sange na mtoto, watu wakasema aaah. Ignasi amekaa nyuma kabisa, kama si chake.

Kisha changu.

Mimi. Mimi kwa magoti. Mimi na majani mdomoni. Mimi kwa nyuma, msuli ukiwa ndiyo unafunguka.

Dokta, kwa adabu, akasema kwamba kamera imempata mnyama mkubwa kuliko aliowatarajia, na kwamba anaonekana kujenga kwa bidii. Mzee Likwata alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Mtu mmoja akauliza kama mnyama huyu naye analindwa na serikali. Ignasi peke yake hakucheka. Kanionea huruma! Bora angecheka.

Nasma naye hakucheka. Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma.

Jumatatu, 15 Julai

Dokta amekuja kukikagua kichaka changu kwa macho yake. Nikamfuata. Nasma akatufuata sote.

Akainua majani makavu hapa, akainua pale. Alikuwa anatafuta mchwa, jongoo, buibui, panzi wadogo, chakula cha sange. Hakuna hata kimoja. Sisimizi tu, wamejaa udongo mzima. Akasema sange hapigani na yeyote. Akikosa cha kula anahama tu, kimya kimya, anakwenda penye chakula. Wangu wamevuka njia wamekwenda kwa Ignasi.

Akaifuata kamba. Kutoka kichakani hadi kwenye mikorosho, kutoka mikorosho hadi barazani, kutoka barazani hadi kwenye makopo ya asumini. Akaligonga kopo moja kwa kidole. Loh! Wakamwagika kama uji uliochemka.

Akasema wadudu hawa si wa hapa. Wanasafiri ndani ya udongo wa miche, mtu ananunua ua na kumbe kanunua na wenyewe. Nikamwambia miche hii imetoka Lindi, kwa mtu mwaminifu. Akasema hamlaumu mtu, wadudu hawaombi ruhusa. Akashauri niyachovye makopo yote kwenye maji yanayochemka, na yasitoke hapa kwenda popote. Hata ng'ambo ya njia. Kwa sababu wakivuka kwenda kwa Ignasi, sange hawana tena pa kwenda, na kambi itahamia mbali, na kisima kitahama na kambi.

Nasma akamwomba arudie hiyo ya kisima. Akarudia.

Kisha mke wangu akanigeukia mbele ya mgeni. Akasema, baba Hafsa, miaka yote unamwita Ignasi mtu wa kuja. Hawa je, wamekuja na nani?

Nilisema nasikia adhana. Haikuwa bado.

Alhamisi, 18 Julai

Nimeyashughulikia makopo. Kiasi.

Niliteleka sufuria kubwa asubuhi. Maji yalipochemka nikalichovya kopo la kwanza. Masikini asumini yangu! Ilinywea hapo hapo, ikatoa harufu ya mchicha. Sisimizi wakafa, lazima niseme. Lakini ua nalo likafa, na maji yakaisha.

Hapo nikawaza. Maji haya yamepandishwa kutoka bondeni kwa goti la mke wangu. Niyamwage juu ya wadudu? Mume gani anafanya hivyo? Roho ikakataa. Kwa hiyo makopo mengine nimeyatikisa kwa nguvu, kisha nimeyaanika juani. Jua la leo lilikuwa kali.

Nasma alipouliza nikamwambia nimeshughulikia. Akasema ahsante. Mara ya kwanza mwezi huu.

Jumapili, 21 Julai

Sange aliondoka kwa kufuata chakula. Basi na atarudi kwa kufuata chakula! Sijui kwa nini Dokta, na kisomo chake chote, hakuliona hilo.

Nikachukua ndoo ya Nasma, nikaenda kukibomoa kichuguu kilicho kule bondeni, nikajaza mchwa. Nilisubiri Ignasi na Lusia waende kanisani. Kisha nikamwaga mchwa mstari mmoja safi, kuanzia uani kwa Ignasi, ukavuka njia, ukaingia kichakani kwangu. Nikajificha nyuma ya mkorosho.

Upande wangu wa mstari ukaliwa na sisimizi hata sijakaa sawasawa.

Upande wa pili wakauona kuku wangu. Wakaufuata wakidonoa, wakavuka njia, jogoo mbele, mitetea nyuma, vifaranga mwishoni, mpaka uani kwa Ignasi. Nikawaita. Nikapiga bati. Walinitazama tu. Huku kwangu vifaranga walikuwa wanang'atwa miguu, kule wakapata kivuli na udongo mtulivu.

Ignasi aliporudi kanisani akanitumia salamu kwamba kuku wangu ni wazima na wako kwake, na kwamba nisihangaike, banda lipo. Lusia amewapa pumba.

Ndoo ya Nasma ina harufu. Ameinusa, akaniangalia.

Jumatano, 24 Julai

Imekwisha. Kambi ni kwa Ignasi. Mzee Likwata katangaza leo. Dokta amerudi chuoni kuchukua mahema, na mashine ya kuchimba inakuja mwanzoni mwa mwezi ujao. Kisima kitakuwa nyuma ya jiko la Lusia.

Nilisikia mtu anapiga vigelegele. Nikageuka nimwone ni nani asiye na haya. Mke wangu!

Nyumbani nikamweleza kwamba amesherehekea maji ya jirani. Akasema maji hayana jirani, na kwamba kutoka mlango wetu mpaka pale uji haupoi. Nikaapa kwamba mimi Twalib sitakunywa maji ya kisima cha Ignasi. Akasema vizuri sana. Akaniletea ndoo. Akasema ya bondeni yapo.

Nikaenda. Ningefanyaje?

Kushuka si neno. Kupanda, nimepumzika kila penye jiwe. Shingo imeingia kifuani. Nilimwagikiwa mpaka nikalowa, nikafika na nusu ndoo na magoti yote mawili yanatetemeka. Alinipokea, akaitua mwenyewe. Na goti lake likalia, nikalisikia karibu kuliko siku zote.

Nilikaa nje peke yangu. Nimeona haya. Sijui mwanamke huyu amebebaje siku zote hizi na bado akanipikia.

Jumamosi, 27 Julai

Nasma anashinda kwa Lusia. Wanakaanga mihogo, wanacheka, Lusia anamkanda goti kwa mafuta ya nazi. Kicheko chao nakisikia vizuri kabisa kutoka hapa, maana huku kwangu hakuna kinachopiga kelele.

Jioni akarudi kulala. Akafunua shuka. Wapo. Amelitazama tandiko, akanitazama mimi, akaniuliza kama kweli yale makopo niliyachemsha. Nikasema nimeshughulikia. Akakunja mkeka wake. Akasema atalala kwa Lusia mpaka nyumba hii iwe ya watu.

Mlangoni akasimama. Akasema Ignasi hajawahi kunisema vibaya hata siku moja, na mimi sijawahi kumwita kwa jina lake mbele za watu. Akasema niende nikamwombe radhi kama mtu mzima. Na nisiende mikono mitupu.

Sange. Kuku. Mke. Wote wamevuka njia ile ile.

Nimelalia benchi la barazani. Wamenifuata.

Jumanne, 30 Julai

Nimekwenda. Alhamdulillah, nimekwenda!

Shida ilikuwa mkononi nishike nini. Kuku wako huko huko tayari. Korosho mwaka huu sina, mbu wamekausha vichipukizi vyote. Dagaa wameliwa, wajua na nani. Nimezunguka nyumba nzima, hakuna cha kumpa mtu. Nikakaa barazani nimekata tamaa, na hapo harufu ikanijia.

Asumini! Kopo kubwa lile la pembeni, limechanua jeupe tupu. Na Lusia alishalisifu, tena kwa mdomo wake.

Nilikumbuka maneno ya Dokta, si kwamba sikukumbuka. Lakini Dokta alikuwa anasema kuhusu makopo machafu. Hili nimelitikisa. Limekaa juani. Leo nimelitikisa tena mara ya pili, nikalifuta kwa kitambaa. Njiani wamepita wachache juu ya kiganja changu. Nimewapuliza, wakaenda.

Ignasi alisimama aliponiona. Akalipokea kopo kwa mikono miwili. Nikamwambia mbele ya mkewe na mbele ya Mzee Likwata aliyekuwa amekuja kupapima pa mashine: Ignasi, nisamehe, wewe ni mwenyeji hapa kama mimi. Naye macho yakamlowa, akanikumbatia, akasema yamekwisha, jirani yangu. Sijawahi kujisikia mwepesi namna ile.

Nasma hakuwepo. Alikuwa ameshuka bondeni na ndoo. Lusia anasema siku hizi akishuka anaimba, anasema hizi ni safari za mwisho mwisho.

Lusia amelizika kopo nusu ardhini, kando ya vigingi vinne alivyopigilia Likwata, hapo hapo kitakapochimbwa kisima, ili asumini ipate maji ya kumwagika. Amesema patapendeza. Tulipokuwa tunalitazama, sange akatokeza kichakani, akachezesha pua yake upande wetu, akarudi ndani. Ignasi akasema ni dalili njema. Nami nimeona hivyo.

Kisima watu watakiita cha Ignasi, haidhuru. Lakini kila atakayeinama kuteka atasikia harufu ya Twalib.

Nimerudi nimelala mchana, usingizi mzito, wa kwanza mwezi huu. Kesho nitawapelekea na makopo mengine yote. Lile moja limekaa kama limesahauliwa pale.